Kibao Ukutani, Mita Chini ya Ngazi: Vyeti vya Majengo ya Kijani Vinaelekea Wapi

Mwaka 2010 jengo la ghorofa 55 lililo kando ya bustani ya Bryant Park, New York, lilitunukiwa Platinamu ya LEED, cheti cha Marekani cha majengo ya kijani, daraja la juu kuliko yote. Hakuna ghorofa refu la ofisi lililokuwa limefika hapo kabla yake. Wenyewe walikuwa na mengi ya kuonyesha: vyoo vya haja ndogo visivyotumia maji, mtambo wa gesi wa kufua umeme humo humo ndani, matangi ya kugandisha barafu usiku umeme ukiwa rahisi ili barafu hiyo ipoze hewa mchana, na vioo vya kutoka sakafuni hadi darini ili mwanga wa jua ufanye kazi ya taa. Benki ya Bank of America ikahamia. Kampuni ya uwekezaji ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani aliyeizunguka dunia akihubiri habari ya tabianchi, nayo ikapanga humo.

Haikuchukua muda, jiji la New York likaanza kuanika hadharani kila jengo kubwa linakula nishati kiasi gani. Hesabu zilipowekwa mezani, watu wakashika vichwa. Mwaka 2013 jarida la The New Republic liliandika kwamba jengo lile la Platinamu, kwa kila futi ya mraba, lilikuwa linatumia nishati zaidi ya mara mbili ya Empire State Building, mzee wa mwaka 1931.

Nishati hiyo ilikuwa inakwenda wapi? Jibu halikuwa kwenye kuta wala kwenye vyoo. Lilikuwa kwenye ghorofa za wafanyabiashara wa fedha, ambako kila dawati lina kompyuta na rundo la skrini zisizolala. Mashine zinakula umeme, zinatoa joto, na joto hilo linahitaji umeme mwingine wa kulitoa nje. Hakuna msanifu aliyechora skrini hizo. Kwa hiyo cheti hakikusema uongo. Kiliulizwa kuhusu michoro, kikajibu kuhusu michoro.

Mhadhara huu unakishika kisa hicho kwa sababu kinaonyesha pale mfumo mzima unapochechemea. Cheti cha jengo la kijani kina maswali matatu ndani yake: nani anapima, anapima nini, na anapima lini. Kwa miaka zaidi ya thelathini jibu la swali la tatu limekuwa ni kabla watu hawajahamia au siku wanapokabidhiwa funguo. Hapo ndipo mabadiliko yanapokuja, na ndipo Afrika Mashariki, ambayo majengo yake mengi bado hayajajengwa, inapoweza kuruka makosa ya waliotangulia.

Historia yenyewe ni fupi. Cheti cha kwanza cha aina hii duniani, BREEAM, kilitoka Uingereza mwaka 1990, kikiwa kazi ya taasisi ya utafiti wa majengo iliyo karibu na mji wa Watford. Marekani ikaunda baraza lake la majengo ya kijani mwaka 1993, nalo likatoa LEED ya majaribio mwaka 1998. Australia ikaja na Green Star mwaka 2003, Singapore na Green Mark mwaka 2005, na Afrika Kusini ikaichukua Green Star na kuirekebisha kwa mazingira yake mwaka 2008. Abu Dhabi ikafuata mwaka 2010 na mfumo wa Estidama, ambao hauhesabu nyota bali lulu, kuanzia moja hadi tano. Ni chaguo zuri kwa watu ambao mababu zao walizamia lulu. Kilichoitofautisha Abu Dhabi na wengi ni kwamba lulu ya kwanza ikawa lazima kwa kila jengo jipya. Kwingi kwingineko cheti kilikuwa ni hiari ya mwenye mali.

Na hiari ina tabia zake. Mfumo wa pointi unafanya kazi hivi: msanifu hupewa orodha ndefu ya masharti kuhusu kiwanja, maji, nishati, vifaa na hewa ya ndani, kila sharti likitimizwa linaleta pointi, na jumla ya pointi ndiyo inayotoa daraja. Katika matoleo ya mwanzo ya LEED pointi zote zilikuwa 69 na Platinamu ilianzia 52. Pointi ya mahali pa kufungia baiskeli ilikuwa na uzito uleule wa pointi iliyomgharimu mwenye jengo mitambo ya mamilioni. Wajenzi si watoto. Hawakukawia kujua zipi zinapatikana kwa bei chee, na likazuka kundi zima la washauri ambao kazi yao ni kuvuna pointi. Baraza la Marekani liliona kasoro hiyo na kubadilisha mizani katika toleo la 2009, lakini sifa ya kwamba cheti kinanunulika ilikuwa imekwisha kushika.

Mmoja wa waliolishupalia jambo hili alikuwa John Scofield, mwanafizikia wa Chuo cha Oberlin huko Ohio. Alichukua takwimu za New York za mwaka 2011 za majengo 953 ya ofisi, 21 kati yake yakiwa na cheti cha LEED. Kwa ujumla, majengo yenye cheti hayakutumia nishati kidogo kuliko yale yasiyo nacho. Yenye daraja la Dhahabu yaliwashinda wenzao kwa karibu asilimia 20, lakini ya madaraja ya chini yalishindwa hata na majirani wasiokuwa na kibao chochote. Ni kweli majengo 21 ni machache mno kujengea hukumu ya kudumu, na watetezi wa LEED walilisema hilo kwa sauti. Hata hivyo swali lilibaki pale pale: kama kibao ni ushahidi wa kuokoa nishati, kwa nini ilibidi mwalimu wa fizikia akatafute ushahidi huo mahali pengine?

Mwaka 2010 mtaalamu wa mifumo ya majengo aitwaye Henry Gifford alikwenda mbali zaidi. Alilishtaki baraza la LEED akidai dola milioni 100, kwa hoja kwamba linawadanganya wanunuzi. Mahakama ilitupa kesi mwaka 2011 kwa kuwa mdai hakuonyesha namna yeye mwenyewe alivyodhurika. Sheria ina njia zake za kulikwepa swali gumu.

Waaustralia walikuwa wameshalijibu swali hilo, tena bila kelele. Tangu 1998, kwanza katika jimbo la New South Wales, walikuwa na mfumo ambao baadaye ulipewa jina la NABERS. Mkaguzi wake hahitaji michoro ya kupendeza. Anaomba bili za miezi kumi na miwili, anazihesabu mita moja moja, anapima eneo linalopangishwa, anauliza ofisi zilikuwa wazi kwa saa ngapi kwa wiki, kisha analinganisha jengo na wenzake na kutoa nyota, ambazo leo zinaishia sita. Nyota hizo zinaisha nguvu baada ya mwaka mmoja. Jengo lililopata nyota tano mwaka jana likizembea, mwaka huu linaweza kushuka hadi tatu, na mpangaji anayetafuta ofisi ataliona hilo, kwa sababu tangu 2010 sheria inamtaka mwenye ofisi kubwa aonyeshe nyota zake anapouza au kupangisha, hata kwenye tangazo. Mwanzoni ofisi kubwa ilikuwa ya mita za mraba 2,000 na zaidi. Mwaka 2017 kiwango kikashushwa hadi 1,000.

Kuna jambo jingine dogo katika mfumo huo lenye akili nyingi. Nishati ya jengo lenyewe, yaani lifti, taa za korido na mitambo ya kupoza, hupimwa kando na nishati ya mpangaji. Kila mmoja anabeba mzigo wake. Laiti jengo la Bryant Park lingepimwa hivyo, ubishi wa nani alaumiwe, mjenzi au wafanyabiashara wa fedha, ungekwisha kwa kusoma mita mbili. Mwaka 2020 Uingereza, nchi iliyoiuzia dunia BREEAM, ilikwenda kuuazima mfumo huu kutoka Australia na kuuita NABERS UK.

New York nayo haikungoja mabaraza. Sheria ya jiji ya mwaka 2009 ilianza kwa kulazimisha majengo makubwa yatoe takwimu zake kila mwaka. Tangu 2020 kila jengo kubwa linabandika mlangoni karatasi yenye herufi, A hadi D, na F kwa asiyepeleka takwimu kabisa. Anayeingia ndani kwa shughuli zake huiona kabla ya kumfikia mlinzi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2019 inayoweka kikomo cha gesijoto kwa majengo yenye zaidi ya futi za mraba 25,000, kuanzia mwaka 2024, na faini ya dola 268 kwa kila tani inayozidi. Hapo cheti cha hiari hakikufa, ila hakimkingi mwenye jengo na faini: kinachohesabiwa ni gesijoto inayotoka, si pambo la ukumbini.

Inafaa kurudi kidogo kwa yule mzee wa 1931, kwa sababu matengenezo yake yana somo ambalo vyeti vilichelewa kulitambua. Kuanzia mwaka 2009 wamiliki wa Empire State Building waliamua kupunguza matumizi ya nishati bila kubomoa chochote kikubwa. Jengo lina madirisha 6,514. Badala ya kuyatupa na kuagiza mapya, walifungua karakana ndani ya jengo hilo hilo, kwenye ghorofa ya tano. Vioo viliteremshwa, vikasafishwa, vikatiwa utando mwembamba kati ya kioo na kioo, nafasi iliyobaki ikajazwa gesi inayozuia joto kupita, kisha vikarudishwa kwenye fremu zake. Yakiongezwa matengenezo ya mitambo ya kupoza na ya kuzuia joto, lengo likawa kupunguza nishati kwa karibu asilimia 38. Vioo havikusafirishwa kuvuka mji, sembuse bahari. Hakuna tanuru la kuyeyusha vioo vipya lililowashwa kwa ajili ya madirisha hayo.

Hapo ndipo linapoingia suala la pili, nalo kwa Afrika Mashariki ni zito kuliko la kwanza: gesijoto iliyokwisha kutoka kabla taa ya kwanza haijawashwa.

Vyeti vya mwanzo vilizaliwa katika nchi za baridi, ambazo sehemu kubwa ya umeme wake ilitokana na makaa ya mawe na gesi. Huko kosa kubwa la jengo lilikuwa kuvujisha joto majira ya baridi, kwa hiyo ni halali pointi nyingi zikaenda kwenye nishati ya matumizi. Ichukuliwe Kenya. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa gridi yake zinatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Ofisi ya Nairobi inayowasha taa mchana kutwa inapoteza fedha, na hilo si jambo dogo, lakini moshi wake ni haba. Moshi wa ofisi hiyo uko kwenye nguzo zake. Uko kwenye zege, nondo, vioo na fremu za alumini.

Saruji hupatikana kwa kuchoma chokaa na udongo hadi nyuzi joto 1,450 hivi ili kupata klinka. Watu hudhani ubaya wote uko kwenye moto. La, sehemu kubwa zaidi inatoka kwenye jiwe lenyewe: chokaa ikiungua huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake kwa mamilioni ya miaka, hata kama tanuru lingewashwa kwa jua. Kwa wastani wa dunia kila tani ya saruji huacha takriban kilo 600 za hewa ukaa. Kwa hesabu hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unabeba kama kilo 30 zisizoonekana. Fundi anaubeba begani, anauchana kwa koleo, anaumwaga juu ya mchanga, na kwenye mfuko hakuna palipoandikwa lolote kuhusu kilo hizo.

Kilichoandikwa ni 32.5 au 42.5. Namba hizo kila fundi wa Dar es Salaam au Kisumu anazijua: ya kwanza ni ya kujengea tofali na kupiga lipu, ya pili ni ya nguzo, mihimili na zege la ghorofa. Jambo ambalo halisemwi dukani ni kwamba mifuko mingi ya 32.5 ina klinka kidogo, kwa kuwa sehemu yake imechanganywa na majivu ya volkano, na majivu hayo Bonde la Ufa limejaaliwa nayo kwa wingi. Anayemwaga 42.5 kwenye lipu ya chumba cha kulala kwa kuamini kwamba ya bei kubwa ndiyo bora anatupa fedha na kuchafua hewa kwa mpigo mmoja. Watafiti wanasogea mbele zaidi: Karen Scrivener wa chuo cha EPFL nchini Uswisi na wenzake wa Cuba na India wametengeneza saruji ambayo nusu ya klinka inabadilishwa kwa udongo uliochomwa na chokaa isiyochomwa. Udongo wa aina hiyo nao haukosekani katika nchi za joto.

Ulaya imeshaanza kuyatungia sheria haya. Januari 2023 Denmark ilianza kutaka kila jengo jipya la zaidi ya mita za mraba 1,000 lisizidi kilo 12 za gesijoto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, vifaa na matumizi vikihesabiwa pamoja kwa miaka 50, na mwaka 2025 kamba ikakazwa zaidi. Umoja wa Ulaya umepanga hesabu kama hiyo iwe ya lazima kwa majengo makubwa mapya kuanzia 2028 na kwa yote mapya kuanzia 2030. Toleo la tano la LEED, lililotoka mwaka 2025, linamlazimisha msanifu ahesabu gesijoto iliyomo kwenye vifaa. Mizani inahama kutoka kwenye swichi kwenda kwenye machimbo.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja majengo ya kijani na vyeti vyake, na ladha imekuwa mchanganyiko.

Jengo linalotajwa zaidi ni ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Nairobi, zilizofunguliwa Machi 2011 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Katibu Mkuu Ban Ki-moon kwa ajili ya mashirika ya UNEP na UN-Habitat. Paa lake lilitandikwa paneli za jua za eneo la karibu mita za mraba 6,000. Ofisi hazina viyoyozi; madirisha yanafunguka, hewa ya moto inapanda kupitia uwazi mkubwa wa katikati na kutokea juu. Ni kazi nzuri. Lakini Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari na baridi yake ya Julai inajulikana. Anayetaka kulihamishia jengo hilo Mombasa au Tanga, ambako jasho halikauki mwilini, atajuta.

Katika Nairobi hiyo hiyo, kule Lang'ata, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kina maktaba na ukumbi uliosanifiwa na Musau Kimeu. Kinachovutia ni kilicho chini ya ukumbi: kitanda cha mawe. Usiku hewa baridi hupita katikati ya mawe na kuyapoza. Mchana, watu wakiwa wamejaa vitini, hewa ya nje hupitishwa humo kwanza, inapoa na kuacha vumbi lake kwenye mawe, kisha inaingia ukumbini. Joto la watu linapanda na kutolewa na mabomba mapana yaliyosimama juu ya paa kama dohani, ambayo jua lenyewe linayapasha ili yavute hewa kwa nguvu. Kitu cha namna hiyo Mick Pearce alikuwa ameshakifanya kwa ukubwa zaidi mjini Harare, katika jengo la Eastgate lililofunguliwa 1996, akiwaiga mchwa wanavyopitisha hewa kichuguuni. Mwaka 1996 LEED haikuwa imeanza hata kufanyiwa majaribio.

Cheti kilichoenea zaidi katika ukanda huu ni EDGE, cha Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia. Kilitengenezwa mahususi kwa nchi zinazoendelea, na masharti yake ya mwanzo yalitamkika kwa pumzi moja: punguza asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 ya nishati iliyomo kwenye vifaa, ukilinganisha na jengo la kawaida la mji huo. Msanifu anafungua programu, anaandika mji, idadi ya ghorofa, upana wa madirisha, aina ya tofali, taa na mabomba ya kuogea, na mistari mitatu ya kinachookolewa inapanda au kushuka mbele ya macho yake. Akipunguza vioo vya upande wa magharibi, mstari wa nishati inayookolewa unapanda hapo hapo. Kwa wanafunzi wa usanifu ni mwalimu bora kuliko vitabu vingi.

EDGE ina hekima moja ambayo wakosoaji wake hawaitaji. Jengo lisilo na kiyoyozi halipewi sifa ya bure. Programu inakadiria kama ndani kutakuwa na joto la kuwatesa watu, na kama ndivyo, inahesabu nishati ambayo wangelazimika kuitumia siku watakapochoka na kununua viyoyozi vyao. Yeyote aliyeona maghorofa ya Kariakoo, Dar es Salaam, yenye mashine zinazoning'inia nje ya kila dirisha, zilizofungwa moja moja kadiri wapangaji walivyopata fedha, anajua hesabu hiyo si ya kubuni hata kidogo. Mwaka 2018 Wakala wa Kimataifa wa Nishati ulikadiria kwamba viyoyozi duniani vitaongezeka kutoka bilioni 1.6 hadi bilioni 5.6 ifikapo 2050.

Mambo yalipokolea ni pale cheti kilipokutana na fedha. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ya Nairobi ilitoa hatifungani ya kwanza ya kijani nchini Kenya na kukusanya shilingi bilioni 4.3 za kujengea hosteli za wanafunzi zenye masharti ya EDGE. Januari 2020 hatifungani hiyo iliorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi, kisha London. Mwekezaji aliye London hawezi kuja kukagua bomba la kuogea la hosteli ya Nairobi. Cheti kinakwenda kwa niaba yake. Mtu anaweza kucheka kwamba mazingira yamepata utetezi wa kweli siku wenye fedha walipoyahitaji, lakini hosteli zimejengwa na wanafunzi wanalala humo.

Udhaifu uko palepale ulipokuwa New York. Mkaguzi wa EDGE anakagua mara mbili: hatua ya michoro na hatua ya jengo kukamilika. Daraja la kwanza halimlazimu mwenye jengo kurudi tena. Kama miaka mitatu baadaye mabomba ya kubana maji yameng'olewa kwa sababu wapangaji walilalamika maji hayana nguvu, cheti kinaendelea kuning'inia mapokezi kikiwa na fremu yake ya kioo.

Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo makongamano ya majengo ya kijani hulipita haraka, huku chai ikipoa. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazitakiona cheti chochote, kiwe cha Marekani au cha Benki ya Dunia. Zinajengwa na mwenyewe na fundi wake, kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali hadi lenta, mabati yakisubiri bonasi au mavuno. Hakuna msanifu, hakuna programu, na ada ya mkaguzi ingetosha kununua milango. Vyeti vikibaki kuwa mali ya ofisi za Westlands na Masaki, vitapima sehemu ndogo sana ya jiji kwa umakini mkubwa sana.

Wanaotamani kurudi kwenye majengo ya kale wana hoja, ila isitiwe chumvi. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu hupokea joto polepole na kulitoa usiku, ua wa ndani unavuta hewa, na baraza linampa kivuli mpita njia. Anayezipiga lipu ya saruji anaziua, maana saruji hufungia unyevu ambao chokaa huuacha upumue nje. Lakini upana wa vyumba hivyo uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko, na mikoko leo inalindwa kwa sababu ilikatwa mno. Jiji la mamilioni haliwezi kujengwa upya kwa boriti na matumbawe. Kinachoweza kurithiwa ni mpangilio: kivuli kwanza, upepo upite kutoka ukuta hadi ukuta, mashine iwe ya mwisho. Huko Fumba, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, kulitangazwa mwaka 2022 mpango wa mnara wa mbao wa ghorofa 28 na urefu wa mita 96. Michoro yake ni ya kuvutia, na kisa cha Bryant Park kinatosha kumfanya mtu asubiri bili.

Rwanda ilichagua njia ya sheria. Mwaka 2019 iliingiza katika kanuni zake za ujenzi masharti ya chini ya ujenzi wa kijani, ili jengo kubwa lisilotimiza lisipate kibali. Katika wilaya ya Bugesera, chuo cha kilimo cha RICA kilichosanifiwa na shirika la MASS kimejengwa kwa udongo ulioshindiliwa na tofali za udongo uliogandamizwa, karibu vifaa vyote kwa uzito vikiwa vimetoka ndani ya nchi. Chuo hicho kilikuwa na wafadhili wakubwa, na si kila kijiji kitawapata, lakini fundi aliyejifunza kushindilia udongo pale anaondoka na ujuzi wake mkononi.

Kwa nyumba ya fundi na mwenyewe, basi, cheti cha kweli kitakuwa kwenye bidhaa na kwenye kibali. Shirika la viwango likitaka mfuko wa saruji uonyeshe kilo za hewa ukaa kando ya ile 32.5, duka la vifaa vya ujenzi litakuwa limegeuka ofisi ya ukaguzi bila kumwajiri mtu. Halmashauri ikiuliza katika fomu ya kibali dirisha linaelekea wapi na paa limezidi ukuta kwa sentimita ngapi, itakuwa imeuliza maswali mawili yenye faida kuliko kurasa hamsini za pointi. Benki inayokopesha kwa ajili ya nyumba inaweza kuyauliza hayo hayo.

Kwa majengo makubwa, kazi ngumu zaidi imekwisha kufanywa bila kukusudiwa. Afrika Mashariki imejaa mita za malipo ya kabla. Kila anayenunua umeme wa LUKU Tanzania au tokeni Kenya anaacha kumbukumbu ya uniti na tarehe. Mashirika ya umeme yana takwimu za miaka mingi ambazo mkaguzi wa NABERS angezionea wivu. Jambo ambalo halijafanyika ni kuzikutanisha na ukubwa wa sakafu. Pa kuanzia pasipo na ubishi wa siri za mtu ni majengo ya serikali yenyewe, kwa kuwa bili zake hulipwa na hazina. Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, una wizara zilizojengewa ofisi mpya zilizo jirani, chini ya jua lile lile na upepo ule ule. Ni maabara ambayo mtafiti angeiomba kwa magoti. Afisa wa uhasibu wa kila wizara atahitaji bili kumi na mbili na namba moja ya mita za mraba. Kugawanya kunafanyika kwenye simu.

New York nayo ilianza na majengo ya jiji, kisha yakafuata makubwa ya watu binafsi, kisha ya futi za mraba 25,000. Kutoka sheria ya kusoma mita hadi mwaka wa kwanza wa kikomo ilipita miaka 15, na katika muda huo wenye majengo walipata nafasi ya kubadilisha mitambo, mafundi wakajifunza kuisoma, na herufi za milangoni zikaanza kuingia kwenye mazungumzo ya kodi ya pango.